Mbele ya kutupa klavie ya zamani, igeuze kwanza



Mabishano mulioanza kwenye grupu hayajaisha, basi na mimi naingia. Wenzetu walioko Ubelgiji wamepata vifaa vya ofisi moja inayofunga, wanauliza wachukue nini kwa ajili ya chumba cha finalisti hapa Ubundu. Kila mtu akajibu yake: ordinatere za kubeba, imprimante, panno za jua. Kisha mmoja akatuma picha ya lundo la klavie nene, nzito, rangi ya kijivu iliyogeuka njano, ndipo vicheko vikaanza. Mwingine akaandika kwamba Ubundu si jalala la Wazungu.

Hasira ile naielewa. Tumeshafungua makartoni ya "msaada" na kukuta ndani vitu vilivyokufa tangu huko. Lakini juu ya lile lundo, mimi siko upande wa wenye kucheka. Natengeneza ordinatere, ile ndiyo kazi inayonilisha tangu nimalize masomo Kisangani, na kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu kwenye picha ile, ningeacha skrini na kuchukua klavie. Acha nieleze polepole, juu sababu iko ndani, haionekani kwa picha.

Tuanze na namna klavie inavyokufa huku kwetu. Ile ya bei ndogo tunayonunua sokoni ukiifungua utakuta vitu vitatu tu: tushi za juu (vitufe, kama wanavyosema watu wa pwani), shuka moja la mpira lenye vikombe vidogo, na chini yake karatasi tatu za plastiki zenye njia za umeme zilizochorwa kama kwa wino. Unapobonyeza, kikombe cha mpira kinalala, kinakandamiza karatasi, njia mbili zinagusana, herufi inatokea. Ni akili nzuri, na ni rahisi kutengeneza. Ubaya wake ni huu: shuka la mpira ni moja kwa tushi zote, na karatasi ni moja kwa tushi zote. Maji ya chai yakiingia pembeni, au chungu wakijenga humo, au unyevu wa mto ukila zile njia za wino, ugonjwa hautulii mahali ulipoanzia. Leo E haitoki, kesho R na T zinaifuata. Na hakuna kipande cha kubadilisha. Unabadilisha klavie nzima.

Kwenye ordinatere ya kubeba ni vibaya zaidi. Kwa nyingi za siku hizi klavie imefungwa kwenye mwili wa mashini kwa vipini vya plastiki vilivyoyeyushwa. Fundi anavivunja kimoja kimoja, kisha anatafuta klavie nyingine ya modeli ileile, ambayo Ubundu haiko, na Kisangani mara nyingi haiko.

Kuna kijana mmoja aliniletea mashini yake akiwa na wiki mbili tu za kumaliza memuari. E ilikuwa imekufa. Munajua alichokuwa anafanya? Alikopi herufi e kutoka neno la zamani, na kila alipoihitaji aliibandika kwa tushi mbili, Ctrl na V. Kwa Kifaransa! Lugha ambayo E ndiyo inayotoka kuliko herufi zote. Kurasa zaidi ya arubaini alizipiga vile. Alipofika kwangu vidole vyake vilikuwa vinakwenda kwa Ctrl na V vyenyewe hata pale pasipohitaji.

Sasa, wenye kupenda klavie za kale hukimbilia hesabu za mibonyezo: hii inavumilia milioni hizi, ile milioni zile. Tupige hesabu yetu wenyewe. Memuari ya kurasa 80, kila ukurasa herufi kama 2.000, ni mibonyezo 160.000. Finalisti kumi kwa mwaka, ni 1.600.000 kwa klavie yote. Tukisema E inachukua sehemu 15 kwa mia, E peke yake inabonyezwa kama mara 240.000 kwa mwaka. Na klavie ya mpira, watengenezaji huandika kwamba kila tushi inavumilia milioni 5 hadi 10. Kwa hesabu ile ingeishi miaka ishirini! Haiishi ishirini, mbili tu ni shida. Maana yake si vidole vyetu vinavyoiua. Inauawa na unyevu, wadudu, jasho, waya kukatikia shingoni, na kule kutoweza kufunguliwa na kuponywa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha namba za milioni kwenye kartoni, mwambie asante, kisha mwulize: tushi moja ikifa, ninafanya nini?

Hapo ndipo klavie za kale zinapotoka mbele, na ili tuelewe lazima turudi kwa mama yao, mashini ya kupigia.

Christopher Latham Sholes alipata hati ya uvumbuzi wake kule Marekani mwaka 1868, na Remington wakaanza kuuza mashini mwaka 1874. Reli ya kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu yetu, ilifunguliwa mwaka 1906, basi mashini ya kupigia ilikuwa tayari na miaka 32 sokoni. Kwenye mashini ile kila tushi iko na mkono wake wa chuma, na kila mkono iko na herufi yake kichwani. Unabonyeza, mkono unaruka, unapiga utepe wa wino, herufi inabaki kwenye karatasi. Na kila pigo linafungua jino moja la gurudumu, kama kwenye saa ya resori, gari la karatasi linasogea nafasi moja. Mkono wa M ukipinda, unaunyoosha mkono wa M. Zingine hazijui hata kama M ilikuwa mgonjwa.

Wale Papa daktilo wanaopiga makaratasi ya watu mpaka leo wanafanya kazi bila kura, bila grupu, bila panno. Mmoja kule Kisangani aliniambia kwamba haangalii karatasi wakati anapiga, anasikiliza. Pigo zuri liko na sauti yake, pigo lililogusa nusu liko na sauti nyingine, na kengele inamwambia mstari unakaribia kuisha. Kazi yake inamfikia kwa masikio na kwa ncha za vidole, macho yanabaki kwenye barua anayoinakili.

Kidogo pembeni, juu jambo hili linanifurahisha kila mara. Munajua ile tushi ya ^ na ¨ kwenye AZERTY, ambayo ukiibonyeza haitokei kitu mpaka uongeze herufi? Wanaiita tushi iliyokufa. Jina hilo linatoka kwa chuma. Kwenye mashini ya kupigia, tushi ile iliondolewa nguvu ya kusogeza gari: inapiga kofia, karatasi inakaa palepale, kisha unapiga e chini yake na unapata ê. Ordinatere haina gari la kusogeza, lakini imeendelea na tabia ya mama yake. Kila mara munapoandika "forêt" munarudia mwendo wa chuma ambacho hakipo.

Basi ordinatere zilipoingia maofisini, waliokaa mbele yake walikuwa madaktilo. Kampuni ya IBM ilikuwa yenyewe inauza mashini za kupigia za umeme, ile Selectric iliyotoka mwaka 1961, na ilijua kwamba watu wale hawatakubali tushi laini isiyosema kitu. Ndiyo sababu klavie iliyokuja na PC yao ya kwanza mwaka 1981, inayoitwa Model F, na ndugu yake Model M iliyofuata kuanzia 1985, zilijengwa vile zilivyojengwa.

Fungua Model M uone. Chini kuna bamba la chuma, limepindwa kidogo kama kiganja. Juu yake kila tushi iko na bomba lake, na ndani ya bomba resori moja nyembamba imesimama juu ya kinyundo kidogo cha plastiki. Unapobonyeza, resori inabanwa, inavumilia, inavumilia, kisha ghafla inapinda kiuno kama mtu aliyebebeshwa gunia zito. Pale inapopinda inakipiga kinyundo, kinyundo kinafunga njia ya umeme. Hapo ndipo ujanja ulipo: kidole kinasikia kuachia, sikio linasikia "tak", na herufi inatokea, vyote kwa jambo moja na kwa wakati mmoja. Klavie ya mpira inakuambia "nimefika chini". Hii inakuambia "herufi imetoka". Mwenye kupiga kurasa 80 anajua tofauti yake, hana haja ya kugonga kwa nguvu wala kurudia kuangalia skrini kila neno.

Kisha angalia herufi zenyewe. Kwenye klavie ya sokoni herufi imechapwa juu ya plastiki, baada ya muda mfupi A, E na S zimefutika na mpigaji mpya anakisia. Kwenye Model M rangi iliingizwa ndani ya plastiki kwa joto, haiko juu ya ngozi, iko ndani ya nyama. Tena plastiki ile ni aina ngumu inayoitwa PBT, haing'ai mafuta kwa jasho haraka. Nimeshika moja ambayo karatasi ya mgongoni inaonyesha ilitengenezwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na herufi zake zinasomeka zote.

Lakini nisiwauzie ng'ombe ndani ya gunia. Model M chini ya bamba iko na karatasi za plastiki zenye njia za umeme, sawa na klavie ya mpira. Ukiimwagia soda, unaweza kuiua. Na mwili wake wa ndani umeshikwa na vichwa vidogo vingi vya plastiki vilivyoyeyushwa, ambavyo uzee unavikatakata. Unaigeuza unasikia vinacheza ndani kama mchele kwenye kibuyu. Dawa yake iko, unatoboa na kutia visi ndogo na nati, lakini ni kazi ya siku nzima na mkono mtulivu. Model F haina karatasi zile na ni ngumu zaidi, ila sponji yake ya ndani inaoza na kuwa unga. Zote mbili ziko na kilo 2 na zaidi.

Kwa unyevu wa Ubundu, mimi ningetanguliza aina nyingine, ile ya Cherry wa Ujerumani, ambao tushi zao za MX zilianza miaka ya 1980. Hapa hakuna karatasi hata moja. Kila tushi ni kisanduku kidogo kilichofungwa, ndani iko resori, kijiti cha plastiki kinachoteleza, na midomo miwili ya madini yenye dhahabu kidogo pale inapogusana, juu dhahabu haipati kutu. Kisanduku kimechomelewa kwenye bodi kwa nyayo mbili. Kikifa kimoja, vingine vinaendelea na maisha. Sauti yake na utamu wa vidole havifikii Model M, hilo nakubali bila kupigana. Lakini mimi naangalia nani ataitengeneza na kwa nini, na kuchomelea kwa risasi kila fundi wa radio hapa anajua tangu utoto.

Kwa wenzetu wa Ubelgiji basi, musiangalie unene wala jina la mbele. Jina linadanganya. Cherry huyohuyo alitengeneza za mpira pia, na IBM nao kuna zilizofanana na Model M kwa nje huku ndani ni mpira. Igeuzeni, musome karatasi ya mgongoni: Cherry inayoanza na G80 ndiyo ya visanduku, G81 na G83 muziache. Kwa IBM, vueni kofia ya tushi moja kwa kijiko, polepole. Mukiona resori imesimama ndani ya bomba, ndiyo yenyewe. Tikiseni. Bonyezeni tushi zote, moja moja, na ile ambayo "tak" yake haifanani na zingine muitie alama. Angalieni waya pale unapoingia mwilini. Kwenye Model M nyingi waya unatoka kabisa na kurudishwa kwa mkono, nao ni baraka, juu waya ndio unaokufa kwanza.

Musitupe za AZERTY ya Ubelgiji mukidhani sisi tunatumia ya Ufaransa tu. Herufi zote ziko palepale, alama ndizo zinahama: tushi ya 6 kwa Mfaransa inatoa kistari, kwa Mbelgiji inatoa §, tushi ya 8 kwa Mfaransa ni kile kistari cha chini, kwa Mbelgiji ni alama ya mshangao. Unaiambia ordinatere kwamba klavie ni ya Ubelgiji, mambo yanaisha. Kusema kweli AZERTY yoyote inatesa mwenye kuandika Kiswahili, juu A yetu, inayotoka kila mahali, wa, ya, na, kwa, iko pembeni juu kwa kidole kidogo cha kushoto, na W iko chini kwa kidole hichohicho. Andikeni "kwa wazazi wa watoto wa" mara tano mfululizo, mutanielewa. Klavie laini inayumba kwa kidole kile dhaifu. Yenye bamba la chuma haiyumbi.

Kuna swali la kuunganisha. Nyingi za zile ziko na plagi ya mviringo, si USB. Kile kiplagi kidogo cha bei rahisi kinachobadilisha umbo tu hakitasaidia, juu klavie hizi hazisemi lugha ya USB. Lazima kile chenye mkalimani ndani yake, bodi ndogo inayotafsiri. Muweke kimoja kwa kila klavie, pamoja na viwili vya akiba, kwenye mfuko uleule, la sivyo zitafika huku na kukaa kabatini kama mapambo.

Na uzito, ndiyo, uzito. Klavie kumi za aina ile zinapita kilo 20, wakati kumi za mpira hazifiki 10. Njia munaijua: boti mpaka Kisangani, kisha kilometa 125 mpaka huku, kwa treni siku ikiwepo, kwa pikipiki siku haiko. Kila kilo inalipwa. Kwa hiyo sisemi mutume lundo lote. Sita zinatosha: nne za Cherry za kutumika, Model M moja kwa yule atakayepiga kazi nyingi, na Cherry moja mbovu ya kukatwa vipande. Hii mbovu ndiyo watu wataicheka forodhani, lakini ndiyo duka letu la vipuri kwa miaka.

Zikifika, kabla mtu hajaandika herufi moja, vueni kofia zote mbele ya kitu chochote. Pigeni picha kwanza ili mujue kila moja inarudi wapi. Osheni kofia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikauke usiku mzima kwenye kitambaa, si juani. Ndani tumieni brashi kavu na alkoli kidogo, bila maji. Kwa Model M, ukirudisha kofia na tushi haisemi, usiogope. Resori haikuingia mahali pake. Vua tena, simamisha klavie wima, rudisha kofia taratibu mpaka usikie "tak".

Kwa Cherry, siku A itakapokufa, na itakuwa A mbele ya zote, angalieni juu kulia. Kuna tushi inaitwa "Arrêt défil" ambayo sijaona mtu akiitumia tangu nianze kazi hii. Kisanduku chake, mara nyingi, ni kilekile cha A, na bado kipya. Yeyusheni risasi ya vyote viwili, mubadilishane, muchomelee. Ni nusu saa, na finalisti anarudi kwenye ukurasa wake.